Jamaa wa Mgonjwa Wakikuwakia: Mwongozo kwa Muuguzi Mgeni wa Wadi za Lamu

Kila wanafunzi wapya wakiletwa wadini, wiki haiishi kabla mmoja wao hajanifuata chumba cha dawa, akarudisha mlango, macho mekundu. Swali ni lile lile: "Sista, yule kijana wa kitanda cha saba amenitukana mbele ya watu. Nifanyeje?" Hakuna anayeniuliza namna ya kuweka kanula, kwa sababu hilo chuoni wamelifanya hadi wakachoka. Namna ya kuuweka mdomo ndiyo hawakuonyeshwa.

Mimi nimeuguza Lamu miaka mingi, zaidi wadi ya wanawake. Nayaandika hapa ninayoyarudia kila mara, ili siku nyingine nikiulizwa nimpe mtu asome, nami chai yangu niinywe ingali moto.

Shika hili kwanza, mengine yatafuata. Jamaa anayekufokea mara nyingi si mbaya wala si mjinga. Ni mtu aliyeambiwa "nakuja" na muuguzi, na muuguzi hakurudi.

Vya kuwa navyo kabla ya kuingia zamu

- Daftari dogo la mfukoni, mbali na faili la mgonjwa. Humo andika jina la jamaa, yeye ni nani kwa mgonjwa, umemwahidi nini na saa ngapi.
- Saa ya mkononi au ya kubandika kifuani. Simu haifai. Ukiitoa mbele ya mtu mwenye hasira, hata kama waangalia saa tu, yeye aona wachati.
- Viti viwili vya plastiki na pembe tulivu. Sisi tuna kibaraza cha nyuma, karibu na tangi la maji. Hakina uzuri wowote, lakini hakuna anayesikiliza.
- Jina la msimamizi wa zamu na namba ya askari wa lango, kichwani mwako. Ubaoni hutapata nafasi ya kwenda kusoma.
- Ripoti ya zamu iliyopita, pamoja na habari za jamaa. Presha na dripu utaambiwa bila kuuliza. Wewe uliza: "Jana nani aligombana na nani?"
- Kitu tumboni. Sifanyi mzaha. Magomvi yangu mawili makubwa kabisa, yote nilikuwa sijala tangu alfajiri.

Hatua ya 1: Salimu, kisha keti

Ukiwa umetoka bara, salamu za huku utaziona ndefu. Zivumilie. "Asalaam aleikum, habari za nyumbani, mwatoka upande gani, bahari ilikuwaje?" Hiyo ni nusu dakika, na ndani yake umeshajua mengi. Aliyetoka Mkomani ametembea hatua chache. Aliyetoka Kizingitini au Faza amengoja maji yajae ndipo chombo kipite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, huenda yuko njiani tangu usiku, na akichelewa kutoka hapa atakosa chombo cha kurudi.

Kwa hiyo saa za kuona wagonjwa zitakugombanisha na watu. Ubao wasema mchana saa sita u nusu hadi saa nane, jioni saa kumi hadi kumi na mbili, na bahari haikuusoma ubao huo. Sisi, kwa ruhusa ya msimamizi, waliokuja kwa chombo twawaingiza wawiliwawili kwa dakika kumi, ila wakati wa raundi au kuna mgonjwa anayehudumiwa nyuma ya pazia. Muulize msimamizi wako mapema kama utaratibu huo upo, usije ukauanzisha wewe mlangoni mbele ya watu kumi na watano. Wakati wa Maulidi jiandae zaidi. Mji hujaa wageni, na kila mgeni ana shangazi yake wadini.

Muite mtu kwa heshima yake: mama, bibi, ami, maalim, kaka. Mgonjwa naye ana jina. "Kitanda cha saba" ni lugha ya ripoti, na binti yake akiisikia umekwisha.

Kosa la wageni: kusimama huku jamaa ameketi, faili kifuani, mguu mmoja umeshaelekea kwingine. Vuta kiti. Dakika mbili za kuketi zampendeza mtu kuliko kumi za kusimama.

Hatua ya 2: Tafuta msemaji mmoja

Mgonjwa mwenye akili zake muulize mwenyewe: "Nani katika jamaa zako tuzungumze naye habari zako?" Andika jina na namba kwenye faili. Ukisahau hili, habari moja utaieleza mara nane kwa watu wanane, kila mmoja ataisikia kivyake, na jioni watakuja kukusuta kuwa ulisema maneno manane.

Mgonjwa akiwa hajitambui, usimchukue mwenye sauti kubwa ukamfanya msemaji. Uliza swali, kisha tazama macho yao yaenda kwa nani. Mara nyingi kijana ndiye apigaye kelele, na mwenye neno ni bibi aliyejikunyata pembeni na chupa ya chai, buibui limemfunika mpaka magotini, hajasema kitu tangu asubuhi. Zungumza na yule bibi. Kijana atanyamaza mwenyewe.

Kuna na jamaa wa simu. Yuko Jeddah, au Dubai, au Uingereza, ndiye anayetuma pesa, na awekwa kwenye spika wadi nzima isikie: "Nipeni huyo nesi!" Usianze kumjibu kupitia spika. Waambie waliopo: "Mwambieni saa kumi jioni msemaji wenu atampigia, nami nitakuwa hapo." Kisha uwe hapo. Mtu wa mbali hufoka zaidi kwa sababu hana cha kushika mkononi. Akishapata saa yake na mtu wake, hupoa.

Hatua ya 3: Peleka habari kabla hujaulizwa

Hapa ndipo fujo nyingi zinapozuiwa, na hapa ndipo nilipojifunza vibaya.

Mwaka wangu wa kwanza, zamu ya usiku, katika hospitali moja ya pwani, kijana alinijia mezani kuuliza habari za mamake. Nikamwambia, "Ngoja, nakuja sasa hivi." Sekunde ile ile nikaitwa wadi ya watoto, mtoto hapumui. Niliporudi zilikuwa zimepita saa mbili. Kijana alikuwa bado amesimama palepale nilipomwacha. Aliponiona aliipiga teke ndoo ya taka, ikaviringika hadi kitanda cha mwisho, wagonjwa wote wakaamka. Nikaanza kumfokea, naye akanifokea. Akatokea msimamizi, mama mtu mzima wa karibu kustaafu, akaokota ndoo, akaleta kiti, akamuuliza, "Mwanangu, umekula?" Hakuwa amekula. Alikuwa ametoka Mombasa kwa basi tangu alfajiri, akavuka Mokowe jioni, na kilichobaki mfukoni ni nauli. Alikaa kile kiti akalia.

Tangu siku ile neno "nakuja" nimeliacha. Badala yake:

a) Sema saa, na uiongeze kidogo. Kitu cha nusu saa, sema saa nzima. Ukirudi mapema utasifiwa bure.

b) Ukiitwa kwingine, tuma mtu. "Nenda kamwambie kaka yule kuna dharura, nitachelewa, sijamsahau." Mwanafunzi aweza kulipeleka hilo, hata mfagiaji.

c) Ukirudi huna jipya, rudi vivyo hivyo. "Majibu ya maabara hayajatoka. Nitauliza tena saa tano." Jamaa aweza kuvumilia kukosa majibu. Kusahauliwa havumilii.

Na hizo saa, angalia. Faili laandikwa 1600, mdomo wasema saa kumi. Nimemshuhudia mwanafunzi akisoma 4 p.m. kwenye faili akamwambia mama wa watu, "Daktari atawaona saa nne." Mama akaja saa nne asubuhi ya kesho yake na watu sita waliotoka Matondoni, na daktari alishapita jana. Sema saa kwa Kiswahili na utaje asubuhi, mchana, jioni au usiku. Ukiona shaka, ifungamanishe na sala: "baada ya alasiri" haimpotezi mtu.

Hatua ya 4: Akishawaka

Mtu amekujia, sauti juu, kidole hewani. Fuata hivi kwa mpangilio wake.

Kwanza, usimwambie "tulia". Sijawahi kumwona mtu akatulia kwa kuambiwa tulia. Wala usimwambie "usinipigie kelele", kwani hilo ni gomvi la pili juu ya la kwanza.

Pili, muondoe kwenye watazamaji kwa kumwalika. Ukimfukuza hatoki. "Ami, haya mazito, twende tukakae nyuma tuyazungumze." Mtu mbele ya watu hawezi kushuka, ataona aibu. Kibarazani ataweza.

Tatu, mwache amalize, nawe usijitetee. Hili ni gumu, kwa sababu katika maneno kumi atakayosema, manne ni ya uongo na mawili ni matusi. Yaache yapite. Sikiliza lile la chini yake. "Nyinyi mwamuua mamangu!" mara nyingi ni "Mamangu atakufa?" Muulize: "Ni kitu gani kinachokutia hofu zaidi?" Halafu nyamaza. Kimya hicho kitakuwasha, usikijaze.

Nne, mrudishie alichosema kwa maneno yako. "Kwa hiyo jana usiku mama alilalamika maumivu, mkaita, hakuja mtu hadi alfajiri. Ndivyo?" Akisema "naam", nusu ya kazi imekwisha. Hujakubali kosa wala hujamkana mwenzako wa usiku. Usimtoe mwenzako kafara ili upendwe wewe. Usiseme pia kwamba hilo haliwezekani, kwa kuwa hukuwapo. Sema, "Nitauliza, nitakujibu kabla sijatoka zamu."

Tano, fanya kitu kimoja kinachoonekana kwa macho, muda ule ule. Badilisha shuka. Mgeuze mgonjwa. Kagua dripu. Pima presha, umwambie namba. Maneno yako mazuri hayawi na uzito mpaka mkono wako uguse mgonjwa wake.

Kuna waliofundishwa kusema "naelewa unavyohisi". Mimi silipendi. Jamaa mmoja alinijibu, "Huelewi, mamako yuko nyumbani apika samaki." Na alikuwa kweli apika samaki.

Hatua ya 5: Kataa bila kumvunja mtu

Chakula na dawa za nyumbani ndivyo vitakavyokugombanisha na watu wema kabisa. Hatua hii itachukua nafasi, nivumilie.

Alikuwapo mgonjwa anayengoja kupasuliwa tumbo kesho yake asubuhi. Ami yake, maalim, akaja na kombe, maji yaliyooshea aya za Qurani, ndani ya chupa ndogo ya soda, rangi ya zafarani imekolea. Muuguzi kijana akamnyang'anya ile chupa, akasema, "Hapa hatunywi uchafu." Nusu ya wadi ilisimama. Aya za Qurani kuitwa uchafu, Lamu, mchana kweupe! Hata wagonjwa waliokuwa hawajiwezi walijiweza.

Nilikaa na yule mzee kibarazani. Kwanza nikamwomba radhi kwa lile neno, bila "lakini". Kisha nikamweleza: "Ami, mgonjwa akilazwa kwa dawa, tumbo likiwa na kitu chaweza kupanda kikaingia mapafuni, na hapo ndipo hatari. Chakula kigumu twamzuia si chini ya saa sita, na mgonjwa wa tumbo kama huyu daktari amezuia hata maji. Kombe hili laweza kumngoja?" Mzee akafikiri. Akaomba pamba. Akaichovya, akampaka mgonjwa kipaji na kifua huku akisoma, kisha chupa akanikabidhi. Niliibandika plasta, nikaandika jina la mgonjwa, nikaiweka juu ya rafu. Siku ya tatu, daktari aliporuhusu maji, ami mwenyewe alikuja kuidai.

Ukiangalia, mimi sikumzuia kitu. Nilimwambia lini. Kisomo na dua havina saa ya kuzuiwa, sauti tu iwe ya chini kwa ajili ya jirani. Na ukipata familia ya Mpeketoni iliyokuja na mchungaji wao, mambo ni hayo hayo.

Kwa chakula, onyesha, usihubiri. Mgonjwa wa sukari ambaye dadake kamletea halua: pima sukari mbele yake, umwonyeshe namba kwenye mashine. Ile 18 aliyoiona kwa macho yake yamwingia kuliko darasa lako lote. Kisha mwambie cha kuleta: samaki wa kuchoma au kupaka bila mafuta mengi, mboga, wali kidogo. Ukimwambia "usilete" tu, kesho ataleta ndani ya mkoba.

Onyo kubwa kuliko yote hapa: mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kumeza. Jamaa wana huruma, wamuona ana siku mbili hajala, watamnywesha uji kwa kijiko akiwa amelala chali, na uji utaingia mapafuni. Hili usingoje litokee. Siku ile ile anayolazwa, muite msemaji, mweleze kuwa hata maji kidogo yaweza kuingia mapafuni, muonyeshe mpira wa puani ukishawekwa, andika karatasi kubwa uibandike kichwani pa kitanda: ASIPEWE KITU KWA MDOMO. Kisha wape kazi nyingine, kwa sababu mkono usio na kazi utarudi kwenye kijiko. Wafundishe kumgeuza kila saa mbili, kumsafisha mdomo kwa kitambaa, kumpaka mafuta visigino. Mwanamke aliyekuwa mkali kuliko wote wadini kwetu aligeuka kuwa ndiye anayewafundisha jamaa wa vitanda vingine kugeuza mgonjwa.

Hatua ya 6: Linda siri, hata harusini

Mji wenyewe ni huu. Ukitoka zamu, wapita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na kutoka Langoni hadi Mkunguni utaulizwa mara tano: "Fulani aendeleaje?" Anayekuuliza ni jirani, ni shemeji, ni mwalimu wako wa chuo cha Qurani ulipokuwa mdogo. Jibu ni moja: "Muombeeni dua. Mkienda kumuona atafurahi." Ukimwambia mmoja "ana nafuu", mwingine ukimnyamazia atajua kuna jambo.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imeweka wazi kuwa habari za mgonjwa ni siri yake, na kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayekubali au kukataa matibabu yake. Kwa hiyo mume akija kudai majibu ya mkewe, muulize mke kwanza, mkiwa peke yenu. Usimwambie mume "sheria hairuhusu" ukamwacha amesimama. Mwambie: "Bwana, majibu anayo mwenyewe, nami nitamwambia umeuliza. Akitaka tukae sote watatu, nitakaa nanyi."

Katika fomu ya ridhaa ya upasuaji, watu watakuambia mngoje mume, yuko baharini. Mama akiwa aweza kusaini, asaini. Akiwa hajitambui na kungoja kwaweza kumuua, muite daktari mara moja. Sheria yaruhusu kuokoa maisha, ila kama mgonjwa mwenyewe alikuwa amekataa. Wakati daktari afanya hayo, wewe kaa na jamaa. Hapo ndipo utakapohitajika.

Hatua ya 7: Hatari ikiwa ya kweli

Kufoka ni jambo moja, kutishia mwili ni jingine. Ngumi zimekunjwa, anakusogelea kila ukirudi nyuma, ameshika kitu, au ananuka pombe: acha mazungumzo. Simama ubavu, umbali wa zaidi ya mkono wake, mlango uwe nyuma yako, usiwe nyuma yake. Vua stethoskopu shingoni, na makasi usiwe nayo mfukoni. Usimguse. Sema kwa sauti ya kawaida, "Namwita mwenzangu atusaidie," kisha uondoke kumwita askari. Ujasiri wa kubaki pale peke yako haukuongezei mshahara.

Ukipigwa, kaonwe na daktari siku hiyo hiyo, ripoti polisi upewe namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, ijazwe. Watakuja wazee kukuomba yaishe nyumbani. Kusamehe ni haki yako, lakini kwanza yaandikwe.

Hatua ya 8: Mgonjwa akifariki

Mwenye kutoa habari ni daktari au msimamizi. Wewe mgeni usiitoe kwa simu wala kwenye ujia. Lakini utakuwapo, kwa hiyo jua haya. Neno ni "amefariki". Usiseme "hali si nzuri", "tumejaribu", wala "ametutoka kidogo", neno nililolisikia kwa masikio yangu. Mtu mwenye hofu husikia tumaini katika kila neno lisilokamilika. Wakisema Inna lillahi, itikia au inamisha kichwa, usikimbilie kueleza dawa zilizotumika.

Maiti ya Mwislamu yafumbwe macho, kidevu kifungwe, viungo vinyooshwe. Ikiwezekana ielekezwe kibla, na kibla chetu hapa ni kaskazini. Mwanamke astiriwe na wanawake. Haraka yao ya kuzika si dharau kwa makaratasi yako. Wataka kuwahi, na wa visiwani wataka kuwahi maji. Anza fomu ya taarifa ya kifo mara moja ili wakapate kibali cha mazishi. Kikiwa kifo cha ajali au chenye shaka, polisi lazima waje, na hilo liseme dakika ya kwanza. Jamaa wakilijua baada ya kuchimba kaburi, hakuna salamu itakayokuokoa.

Hatua ya 9: Andika, kabidhi

Andika saa, nani, amesema nini kwa maneno yake, umejibu nini, nani alikuwapo. "Jamaa msumbufu" si maandishi, ni hukumu, na zamu ijayo itampokea kwa uso wa kununa. Andika: "Saa 2140. Mtoto wa kiume alalamika mgonjwa hakupewa dawa ya maumivu tangu saa 1400. Chati imekaguliwa, dawa imetolewa 2150." Kwenye ripoti, taja ahadi zilizobaki. Ahadi uliyoiacha mfukoni ukaenda nayo nyumbani, atakayetukanwa kwayo ni mwenzako.

Ukikwama

*Anakurekodi kwa simu.* Usimpokonye. Mwambie kwa upole kuna wagonjwa wengine wamelala, sura zao zitaonekana, nao hawakukubali. Asipokoma, muite msimamizi, na endelea kusema yale ambayo hutaona haya kuyasikia kesho.

*Wanataka mgonjwa asiambiwe ugonjwa wake.* Usiahidi. Uliza wanaogopa nini, kisha mpelekee daktari. Mgonjwa akikuuliza mwenyewe, usimdanganye. Muulize angependa kujua kiasi gani.

*Wanataka kumtoa aende akaganguliwe nyumbani.* Ni shauri la mgonjwa, akiwa na akili zake. Daktari aeleze hatari, fomu isainiwe, na wewe uwape tarehe ya kurudi na dawa za kwenda nazo kama zimeandikwa. Usiwafungie mlango kwa maneno. Wengi hurudi, na wakiona haya kurudi, anayeumia ni mgonjwa.

*Wanagombana kwa ajili ya bima.* Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, maswali haya hayaishi. Usikisie. Msindikize mtu hadi dirisha la ofisi, usimwonyeshe kwa kidole.

*Wanakupa pesa uwaangalie zaidi.* Rudisha mbele ya mtu wa pili, kwa kucheka: "Ipeleke kwa chai ya mgonjwa." Sahani ya mahamri ya kugawana wadi nzima mimi sijawahi kuikataa, nisemeje.

*Mgonjwa ni jamaa yako.* Omba mwenzako amshike. Huwezi kuwa sista na mpwa kwa wakati mmoja.

*Kosa ni lako kweli.* Hili huulizwa kwa sauti ya chini. Siku moja nilipitiwa na sindano ya antibiotiki ya bibi mmoja, ya saa nne asubuhi. Niligundua saa saba mchana. Nilimwambia daktari, akasema ipewe sasa. Nikaandika. Kisha nikaenda kwa binti yake, yule yule aliyekuwa akitufokea tangu juzi, nikaketi, nikamwambia: "Dawa ya saa nne sikumpa. Nimesahau mimi." Alinitazama muda mrefu. Nilingoja ndoo ya taka iruke.

Akauliza, "Sasa ataipata lini?"

"Sasa hivi," nikasema. Nikaenda chumba cha dawa, nikarudi nayo.